Rhode Island, Delaware au Connecticut: Majimbo Matatu Madogo ya Marekani, Lipi Linakufaa?

Kwenye ramani ya Marekani, macho ya wengi hukimbilia Texas, California na Alaska. Pwani ya mashariki, kati ya Washington na Boston, kuna majimbo yaliyobanana kiasi kwamba mchora ramani huandika majina yake baharini, kisha akavuta mstari hadi nchi kavu. Matatu kati ya hayo ndiyo madogo kuliko yote 50 kwa eneo: Rhode Island, Delaware na Connecticut, kuanzia lililo dogo zaidi.

Makala haya ni ya mtu aliyekwama kati yao. Huenda ni mwanafunzi anayepanga vyuo vya kuomba, familia inayotafuta pa kuhamia, mfanyabiashara aliyeambiwa asajili kampuni yake Marekani, au msafiri mwenye wiki moja tu. Kwa mbali majimbo haya yanafanana, lakini kila moja ni dogo kwa namna yake. Rhode Island ni kama mji mmoja uliozunguka ghuba. Delaware ni njia ya kupitia, na watu wake wamejifunza kula kwa kupitiwa. Connecticut imekaa katikati ya New York na Boston, ikivutwa huku na huku. Ukishajua ni udogo wa aina gani unaoutaka, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: ukubwa na usafiri, asili ya jimbo na tabia yake, watu mashuhuri, vyuo, kazi na biashara, na mwisho gharama. Vigezo viwili nimevipa nafasi kubwa kuliko vingine, yaani asili na watu, kwa sababu mambo ya kodi na nauli utayapata popote.

Ukubwa na usafiri

Rhode Island ina nchi kavu ya kilomita za mraba zipatazo 2,700. Weka Unguja na Pemba pamoja, utakuwa umeikaribia. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,097,379. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 77 hivi, na wenyeji wanajulikana kwa kuona safari ya nusu saa kuwa ni safari ya kubeba chakula. Mji mkuu ni Providence, na treni ya abiria wa kila siku inakufikisha Boston kwa muda wa saa moja na kidogo.

Delaware ina kilomita za mraba 6,446 ukijumlisha na maji, na watu 989,948 kwa sensa hiyohiyo. Ni ndefu na nyembamba: urefu kilomita 154, na sehemu nyembamba kabisa upana haufiki 15. Ina wilaya tatu tu. Ya kaskazini, yenye mji wa Wilmington, ina maisha ya mjini na iko karibu mno na Philadelphia. Mbili za kusini ni mashamba, kuku na fukwe. Mji mkuu, Dover, uko katikati. Nchi yote ni tambarare. Sehemu ya juu kabisa haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari.

Connecticut ndiyo kubwa kati ya hizi: kilomita za mraba 14,357, zaidi kidogo ya Mkoa wa Kilimanjaro, na watu 3,605,944. Hartford ndio mji mkuu, ingawa Bridgeport ina watu wengi zaidi. Treni ya New Haven hadi katikati ya New York huchukua kama saa mbili, na maelfu ya watu hulala Connecticut na kufanya kazi New York.

Jambo moja litamfurahisha msafiri: reli ileile iendayo kutoka Washington hadi Boston inapita Wilmington, New Haven na Providence. Unaweza kuyaona majimbo yote matatu bila kukodi gari. Ila ukishuka kwenye treni, mabasi ni haba katika yote matatu, na asiye na gari atasumbuka nje ya miji.

Asili na tabia

Rhode Island ilianzishwa na mtu aliyefukuzwa. Roger Williams alikuwa mhubiri wa koloni la Massachusetts, akasema mambo mawili yaliyowachukiza wakubwa: kwamba serikali haina mamlaka juu ya imani ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hawezi kugawa ardhi ambayo wenyewe, yaani wenyeji wa asili, hawajaiuza. Mwaka 1636 akaanzisha Providence kwenye ardhi aliyopewa na wakuu wa Wanarragansett, ambao lugha yao aliijua vizuri hata akaiandikia kitabu. Baada yake alikuja Anne Hutchinson, naye amefukuzwa kwa kufundisha dini akiwa mwanamke asiyenyamaza. Waquaker, watu wa dhehebu la Kikristo lililoandamwa, na Wayahudi wakafuata. Sinagogi la Touro mjini Newport, la mwaka 1763, bado limesimama. Ukaidi huo haukuisha. Rhode Island ilijitoa kwa mfalme tarehe 4 Mei 1776, miezi miwili kabla ya wenzake, kisha ikawa ya mwisho kati ya makoloni 13 ya awali kuikubali katiba ya Marekani, mwaka 1790.

Uhuru huo ulikuwa na upande wa pili. Wafanyabiashara wa Newport na Bristol ndio walioongoza biashara ya utumwa ya Amerika Kaskazini. Walichemsha molasi kuwa pombe ya ramu, wakaipeleka Afrika Magharibi, wakarudi na watu. Waafrika wapatao laki moja walisafirishwa kwa meli zao. Katika ukoo wa Brown wa Providence, John aliitetea biashara hiyo hadi mwisho, na ndugu yake Moses akaigeukia na kuipinga. Lakini ni Moses huyohuyo aliyemfadhili Samuel Slater kuanzisha kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu za maji, Pawtucket, katika miaka ya 1790. Na pamba ilivunwa na watumwa wa kusini. Mwaka 2020 wapiga kura waliondoa maneno yaliyomaanisha "mashamba ya Providence" kwenye jina rasmi la jimbo, kwa sababu neno lile la mashamba lilikuwa limeshabeba harufu ya utumwa.

Delaware ilianza kwa Waswidi, waliojenga ngome mwaka 1638 mahali palipo Wilmington leo. Wakaja Waholanzi, kisha Waingereza. Tarehe 7 Desemba 1787 ikawa jimbo la kwanza kuipitisha katiba, na hadi leo inajiita Jimbo la Kwanza, hata kwenye vibao vya magari. Kwa utumwa ilisimama katikati kwa namna isiyopendeza: ilibaki upande wa serikali ya Rais Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, huku watumwa wakiendelea kumilikiwa ndani yake hadi Desemba 1865. Bunge lake liliridhia marekebisho ya katiba ya kufuta utumwa mwaka 1901, wakati jambo lenyewe lilikuwa limeshakwisha zaidi ya miaka 35 nyuma.

Tabia ya Delaware, kwa maoni yangu, iliumbwa na vitu viwili: baruti na sheria. Mwaka 1802 Mfaransa Éleuthère Irénée du Pont alianza kutengeneza baruti kando ya mto Brandywine, na kampuni yake ikaja kulitawala jimbo kwa zaidi ya karne. Nailoni iligunduliwa kwenye maabara yake karibu na Wilmington mwaka 1935. Kisha kuna sheria ya kampuni ya mwaka 1899, ambayo nitairudia chini.

Connecticut nayo ilianzishwa na waliotoka Massachusetts, wakiongozwa na Thomas Hooker, aliyefika Hartford mwaka 1636. Kanuni zao za utawala za 1639 ndizo zinazofanya jimbo lijiite Jimbo la Katiba. Lakini msomaji wa Kiswahili ana sababu ya karibu zaidi ya kulijali. Katika bonde la mto Connecticut kuna vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, vilivyoishi kwa pembe za ndovu. Jina la Ivoryton lenyewe limetokana na bidhaa hiyo. Walianza na vichana, na karne ya 19 ilipoleta mapenzi ya piano katika kila sebule ya Marekani, wakahamia kwenye vibao vyeupe vinavyobofywa na vidole. Pembe zilikatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi vikawa vyeupe kabisa.

Pembe hizo nyingi zilipitia Zanzibar. Zilitoka Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zikavuka kwa jahazi, zikapimwa na kununuliwa Mji Mkongwe na mawakala wa Kimarekani. Kampuni mbili, moja ikiitwa “Pratt, Read” na nyingine “Comstock, Cheney”, zilikula sehemu kubwa ya pembe zote zilizoingia Marekani. Kwa hiyo watoto wa Boston waliokuwa wakijifunza nyimbo za kanisa walibofya jasho la Wanyamwezi bila kujua. Ukifika Ivoryton leo utakuta kijiji tulivu chenye ukumbi wa maigizo. Kati ya maeneo yote ninayoyataja hapa, hili ndilo ningemshauri Mzanzibari au mtu wa Bagamoyo asilikose.

Watu mashuhuri

Kabla ya majina, angalizo: majimbo madogo huhesabu kila mtu. Aliyezaliwa, aliyekulia, aliyepita na kukaa miaka miwili, wote ni "wetu". Rais wa zamani Joe Biden amezaliwa Pennsylvania, mwigizaji Viola Davis South Carolina, mwandishi Mark Twain Missouri. Silaumu, ukiwa na watu milioni moja huwezi kuchagua sana.

Rhode Island ina Gilbert Stuart, mchoraji wa picha ya George Washington iliyoko kwenye noti ya dola moja. Ina ndugu wawili wa ukoo wa Perry: Oliver aliyewashinda Waingereza kwenye Ziwa Erie mwaka 1813, na Matthew aliyeilazimisha Japani kufungua bandari zake mwaka 1854. Mwandishi wa hadithi za kutisha H. P. Lovecraft alizaliwa Providence na hakupenda kukaa kwingine. Kwangu, wanaovutia zaidi ni weusi waliofanya kazi pale wakati dunia haikutaka kuwaona. Edward Bannister, mchoraji aliyetoka Kanada na kuhamia Providence, alishinda tuzo ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876. Waamuzi walipogundua ni mtu mweusi walitaka kuirudisha, washindani wenzake wakakataa. Sissieretta Jones, mwimbaji wa opera aliyekulia Providence, aliimba Carnegie Hall mwaka 1892. Na Viola Davis alikulia katika umaskini mkali mjini Central Falls kabla ya kutwaa Oscar mwaka 2017.

Delaware haina orodha ndefu, lakini ina majina yasiyotarajiwa. Bob Marley aliishi Wilmington mwaka 1966, kwa mama yake, muda mfupi baada ya kumwoa Rita. Alifanya kazi kwenye maabara ya DuPont na baadaye kiwanda cha magari cha Chrysler. Mpiga tarumbeta Clifford Brown alizaliwa mjini humo mwaka 1930, akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25, na hadi leo wanajazi wanamwiga. Annie Jump Cannon wa Dover, aliyekuwa na shida kubwa ya kusikia, alipanga nyota kwa makundi ambayo wanafunzi wa fizikia bado wanayakariri. Richard Allen alikuwa mtumwa kwenye shamba karibu na Dover, akajinunua, akaanzisha kanisa la AME, la Wamethodisti weusi. Thomas Garrett, Mquaker wa Wilmington, alisaidia maelfu ya watumwa kutoroka, akishirikiana na Harriet Tubman. Joe Biden alikuwa seneta wa jimbo hili tangu 1973 hadi 2009, akienda na kurudi Washington kwa treni kila siku, na kituo cha Wilmington sasa kina jina lake.

Nisimsahau Cecile Steele. Mwaka 1923 mama huyu wa Ocean View aliagiza vifaranga 50, akaletewa 500. Badala ya kuvirudisha akavikuza na kuviuza kwa nyama. Ndiyo mwanzo wa ufugaji mkubwa wa kuku wa nyama Marekani, na kusini mwa Delaware bado kunanuka kuku. Anayefuga Kibaha au Kiambu ana la kuzungumza na watu wa huko.

Connecticut inaongoza kwa wingi. Harriet Beecher Stowe, ambaye riwaya yake ya mwaka 1852 iliwasha hasira dhidi ya utumwa, alizaliwa Litchfield, na uzeeni alikuwa jirani wa Mark Twain mjini Hartford. Nyumba zote mbili zinatembelewa. John Brown, aliyenyongwa mwaka 1859 baada ya kujaribu kuwapa watumwa silaha, alizaliwa Torrington. Prudence Crandall alifungua shule ya wasichana weusi Canterbury mwaka 1833, na jimbo likatunga sheria ya kumzuia. Noah Webster wa kamusi ni wa West Hartford. Ella Grasso, gavana kuanzia 1975, ndiye mwanamke wa kwanza Marekani kuchaguliwa kuwa gavana bila kumrithi mumewe. Constance Baker Motley wa New Haven akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho, mwaka 1966.

New Haven pia ndiko walikofungwa mateka wa meli ya Amistad mwaka 1839. Walikuwa Wamende wa Sierra Leone, wakiongozwa na Sengbe Pieh, walioteka meli iliyowabeba. Mahakama Kuu ya Marekani iliwaachia huru mwaka 1841. Na kwa upande wetu wa Afrika, Lupita Nyong'o alisomea uigizaji Yale kabla ya Oscar yake ya 2014, na Ngũgĩ wa Thiong'o alifundisha hapo kama profesa mgeni kuanzia 1989.

Vyuo

Rhode Island ina Brown, kilichoanzishwa 1764, kinachojulikana kwa kumwachia mwanafunzi apange masomo yake. Chuo hicho kilitoa mwaka 2006 ripoti ya wazi kuhusu uhusiano wake na utumwa, kabla wengi hawajathubutu. Jirani yake mlimani ni RISD, chuo cha sanaa na ubunifu kinachoheshimiwa dunia nzima, na ada yake si ya mchezo.

Connecticut ina Yale, kilichoanzishwa 1701. Kiswahili kinafundishwa hapo, na kuna tafiti nyingi za Afrika. Yale na Brown sasa huangalia sifa za mwombaji wa nje bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, lakini kuingia ni kugumu mno. Chuo cha umma, UConn, ni kikubwa na kinajulikana kwa mpira wa kikapu, hasa wa wanawake.

Delaware haina jina kubwa la aina hiyo. Ina Chuo Kikuu cha Delaware, Newark, chenye nguvu kwenye uhandisi wa kemia kwa sababu ya DuPont, na Delaware State, Dover, chuo cha kihistoria cha watu weusi kilichoanzishwa 1891. Kwa mwanafunzi anayetaka mazingira ambamo yeye si mweusi pekee darasani, hiki cha pili kisidharauliwe.

Kazi na biashara

Hapa Delaware inatawala mazungumzo, na mara nyingi kwa kutoeleweka. Zaidi ya nusu ya kampuni kubwa zilizo kwenye soko la hisa la Marekani zimesajiliwa huko, na jimbo lina kampuni nyingi kuliko watu. Sababu ni mbili: ile sheria ya 1899, inayobadilishwa kwa makini, na Mahakama ya Chancery, ambako kesi za kampuni huamuliwa na majaji waliobobea, bila jopo la raia (jury). Kampuni changa nyingi za Nairobi hujisajili Delaware kwa sababu wawekezaji wa Marekani wanadai hivyo. Hulazimiki kuishi huko. Unahitaji wakala mwenye anwani ndani ya jimbo. Lakini kampuni ya aina ya LLC (yenye dhima yenye ukomo) hulipa dola 300 kila mwaka hata isipouza kitu, na usajili huo haukupi viza wala haukuondolei kodi za nyumbani. Kwa duka la mtandaoni la mtu mmoja aliye Dar es Salaam, kusajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kunatosha kabisa.

Kwa anayetafuta ajira, kaskazini mwa Delaware kuna benki za kadi za mkopo, zilizovutwa na sheria ya 1981, na kusini kuna viwanda vya kuku. Connecticut ina bima mjini Hartford, injini za ndege za Pratt & Whitney, helikopta za Sikorsky na nyambizi zinazojengwa Groton. Hizi za kijeshi mara nyingi hutaka uraia, kwa hiyo mgeni asizitegemee. Foxwoods na Mohegan Sun, kasino mbili kubwa za wenyeji wa asili, huajiri watu wengi. Rhode Island ina hospitali, vyuo, utalii wa Newport na makao makuu ya CVS huko Woonsocket. Anayekosa huko hupanda treni kwenda Boston.

Gharama na hali ya hewa

Delaware haina kodi ya mauzo dukani. Bei uliyoiona ndiyo utakayolipa, na watu wa majimbo jirani huja kununua runinga huko. Connecticut hutoza asilimia 6.35, Rhode Island 7. Zote tatu hukata kodi ya mshahara. Nyumba ni ghali zaidi kusini-magharibi mwa Connecticut, karibu na New York, ambako Greenwich ya matajiri na Bridgeport ya wafanyakazi ziko mwendo mfupi tu. Rhode Island ilikuwa nafuu, lakini watu wa Boston wameipandishia bei. Baridi ni kali katika yote. Delaware hupata theluji kidogo kuliko wenzake.

Nani achague lipi

Mwanafunzi wa sanaa, au mtu anayependa mji ambamo baada ya mwaka anamjua mwenye duka, mwenye mgahawa na diwani, aanze na Rhode Island. Anayependa bahari pia: Newport ina makasri ya matajiri wa karne ya 19 na tamasha la jazi lililoanza 1954. Wakongo wamepokelewa Providence, kwa hiyo Kiswahili hutakikosa kabisa.

Familia inayohesabu kila senti, mstaafu, au mwenye kazi Philadelphia aangalie Delaware. Mwenye kampuni changa yenye wawekezaji wa Marekani asajili huko na kuendelea kuishi kwake.

Mtafiti wa Afrika, mhandisi mwenye vibali kamili, au anayetaka New York bila kulala New York atafaidi Connecticut. New Haven nayo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo. Lakini achague mji kwanza, jimbo baadaye, kwa kuwa shule za umma hutofautiana sana kati ya mji na mji.

Msafiri wa wiki moja ashuke New Haven siku mbili, apate piza ya huko iliyochomwa kwenye tanuri la makaa, akodi gari siku moja kwenda Ivoryton, kisha Providence na Newport kwa siku zilizobaki. Delaware aiache kwa safari ya kwenda Washington, ashuke Wilmington asubuhi na kupanda treni ya jioni.